Uyoga Mkavu wa Ithaca

Uyoga haudumu. Huchipuka asubuhi baada ya mvua, umesimama vizuri. Siku ya tatu au ya nne umekwisha kuoza, funza wamejaa ndani yake, wala hauna umbo la kutambulikana. Basi mtu akitaka kuulinganisha uyoga wa mwaka huu na ule uliochumwa miaka mia iliyopita, atafanyaje?

Katika mji wa Ithaca, jimbo la New York, nchi ya Marekani, iko hazina ya uyoga mkavu, mali ya Chuo Kikuu cha Cornell. Ilianzishwa mwaka 1907, nayo ina vifurushi yapata 400,000. Miongoni mwa waliokusanya vingi ni Profesa George Francis Atkinson, mwalimu wa elimu ya mimea, aliyezaliwa mwaka 1854.

Kazi hiyo yataka subira. Uyoga haung'olewi kwa nguvu, bali huchimbuliwa kwa kisu pamoja na shina lake lote, kwa kuwa alama kubwa ya sumu yaweza kuwa imefichwa udongoni, nayo ni kikombe kilicho chini ya shina. Mkusanyaji huandika papo hapo rangi yake, harufu yake, na mti ulio karibu, maana ukikauka mambo hayo hupotea. Kisha huikata kofia, huilaza juu ya karatasi, na kuifunika kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi huona vumbi laini limeanguka mistari mistari, mfano wa vijiti vya gurudumu. Hizo ndizo spora, nazo ni kama mbegu za uyoga. Baadaye uyoga hukaushwa kwa hewa yenye joto kidogo, si juu ya miali ya moto, kwani ukiiva haufai tena. Hutiwa katika bahasha, na juu yake huandikwa mahali, siku, na jina la aliyeuchuma. Bahasha isiyo na maandishi hayo ni takataka tu.

Katika misitu ya Ithaca huota uyoga mmoja mweupe pe, wa kupendeza macho, nao huua. Aulaye hasikii kitu kwa muda wa saa sita au zaidi. Kisha hutapika na kuhara. Halafu hupata nafuu akadhani amepona, kumbe sumu inaliharibu ini lake. Atkinson alipoutazama kwa darubini ya kukuza vitu vidogo, aliona kila kikonyo kimebeba spora mbili, hali nyoga nyingi za jamaa yake hubeba nne. Mwaka 1906 akauita Amanita bisporigera, maana yake wenye kubeba spora mbili. Na kila jina jipya la namna hiyo hufungamanishwa na uyoga mkavu uliowekwa hazinani. Huo ndio shahidi. Wenye elimu wakibishana, hufungua bahasha wakatazama.

Mwaka 1918 Atkinson alisafiri hata magharibi ya mbali, akakusanye uyoga katika mlima Rainier. Wakati ule homa ya mafua ilikuwa ikiua watu duniani kote, nayo ikamshika. Akafa mjini Tacoma mwezi wa Novemba. Siku hizi wataalamu huweza kukata kipande cha uyoga wa kale, kidogo kama punje ya mtama, wakasoma ndani yake alama za urithi, jambo ambalo yeye hakulijua kamwe alipokuwa akizifunga bahasha zake.