NAMBARI YA UTAMBULISHO NA NAMBARI YA SIRI: ISTILAHI NA USALAMA WA MKAZI WA SILANGA

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema aijuaye siri ya mtungi ni kata. Tangu Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya, kila anayeitumia ana mtungi wake na siri yake: tarakimu nne zinazofungua akiba yake. Makala haya yanajadili wizi wa utambulisho kama unavyomkabili mkazi wa Silanga, mojawapo ya vijiji vya Kibera jijini Nairobi, karibu na Bwawa la Nairobi. Hoja yetu ni kwamba sehemu ya tatizo hili ni ya kilugha. Nambari mbili zenye kazi tofauti zimepewa jina moja, na tapeli hupenya katika mwanya huo.

2.0 Nambari ya kuonyeshwa na nambari ya kufichwa

Nambari ya utambulisho hutolewa ili wengine waione. Kipande cha enzi za ukoloni, ambacho sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, kilivaliwa shingoni na wanaume Waafrika kikiwa ndani ya kijaluba cha chuma, ili askari na mwajiri wakikague. Hadi leo Wakenya wengi huita kitambulisho cha taifa "kipande". Nambari yake huandikwa benki, hospitalini, kwa wakala wa pesa na hata katika daftari la bawabu langoni. Kwa hiyo, haiwezi kuwa siri. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi walipigwa na butwaa walipogundua kuwa wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama vya kisiasa bila idhini yao.

Nambari ya siri ni kinyume cha hiyo. Haimtambulishi mtu kwa wengine, bali huthibitisha kwa mtambo kwamba anayeibonyeza ndiye mwenyewe. Ikijulikana na mtu wa pili, kazi yake imekwisha.

Nchini Kenya, hata hivyo, zote mbili huitwa PIN. Hiki ni kifupisho cha Kiingereza chenye maana ya nambari ya utambulisho wa mtu binafsi, na hakitaji siri popote. Mamlaka ya Ukusanyaji Ushuru (KRA) hutoa PIN inayoanza kwa herufi, ikafuatwa na tarakimu tisa na kumalizika kwa herufi. Kijana wa Silanga au Kawangware anayetafuta kazi huombwa PIN hiyo na mwajiri, naye hana budi kuitoa. Jioni mtu humpigia simu akimwomba "PIN" pia. Neno alilozoeshwa kulitii asubuhi ndilo linalomwangamiza usiku. Nchini Tanzania, kinyume na hapo, nambari ya kodi huitwa namba ya utambulisho wa mlipakodi, na ile ya simu huitwa namba ya siri. Jina lenyewe linatoa onyo.

3.0 Jinsi wizi unavyofanyika

Tuchukue mfano wa mama anayeuza mboga Silanga. Simu inalia:

"Habari, mama. Nakupigia kutoka huduma kwa wateja. Kuna pesa zimekwama kwenye laini yako. Kitambulisho chako ni nambari hii, sivyo?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi nitajie PIN nikufungulie."

Tapeli ametumia nambari isiyo siri kujipatia imani, kisha akaomba iliyo siri. Mama aliyesikia nambari ya kitambulisho chake ikitajwa bila kosa huamini kuwa anazungumza na afisa halali. Yamkini nambari hiyo ilinakiliwa katika daftari lililoachwa wazi mezani.

Njia ya pili ni kubadilishiwa laini. Mwizi hukusanya jina, nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa, kisha hujifanya mwenye laini na kuihamishia kwenye kadi nyingine. Simu ya mwenyewe hupoteza mtandao ghafla. Kabla hajang'amua, mtaji wa mboga na pesa za chama alizowekewa na wenzake zimetoweka, na pengine mkopo umechukuliwa kwa jina lake.

4.0 Sheria

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, katika kifungu cha 29, iliweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au zote mbili, kwa anayetumia kwa hila nywila au alama ya utambulisho ya mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo humpa mwananchi haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani. Hata hivyo, sheria humfuata mwizi baada ya hasara kutokea.

5.0 Kinga

(a) Nambari ya siri haitajwi kwa yeyote, awe wakala, afisa au mtoto unayemtuma.
(b) Usitumie mwaka wa kuzaliwa, kwa kuwa umeandikwa kwenye kitambulisho.
(c) Anayekupigia akijua nambari ya kitambulisho chako hajathibitisha lolote. Kata simu, kisha upige mwenyewe kwa nambari rasmi.
(d) Mteja wa Safaricom hubonyeza *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.
(e) Mtandao ukipotea ghafla mahali ambapo majirani wanao, iarifu kampuni ya simu mara moja.

6.0 Hitimisho

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuijadili istilahi kana kwamba ni suala la kamusi na mitihani. Silanga inatufunza kwamba istilahi hulinda riziki. Tuanze sisi wenyewe kusema "nambari ya mlipa ushuru" na "nambari ya siri", tuziandike hivyo katika mabango na tafsiri zetu, na tuwaeleze wazazi wetu tofauti yake. Mama wa mboga akiombwa siri kwa jina lake halisi, atajua la kujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.