Tazama Bega, Siyo Glovu

Katika 1 Wakorintho 9:26 Mtakatifu Paulo anajifananisha na bondia, basi leo darasa letu liko ulingoni.

Bondia mchanga hukodolea macho glovu. Akiiona inakuja, imeshamfika puani. Kocha humfundisha kutazama kifua na bega, maana bega hutangulia, ngumi hufuata. Kisha hufunga kamba usawa wa mabega, kijana apite chini yake huku na huku, akikunja magoti (siyo kiuno!), mikono juu. Inachosha, lakini mwili huzoea.

Sasa njoo mwaloni Kagunga. Mbalamwezi imetanda, wavuvi wa dagaa wamepumzika, pesa ya mgao ipo mfukoni. Rafiki anakuita: "Twende tukapoze koo, kidogo tu." Wengi tunadhani ngumi ni yale ya usiku wa manane. Sawa, lakini hiyo "kidogo tu" ndiyo bega! Kanisa linaiita nafasi ya dhambi. Hapo bado unaweza kukwepa. Baada ya chupa ya tatu utakwepa nini?

Leo kabla ya kulala, kumbuka anguko lako la wiki hii. Rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka uone bega lilianzia wapi. Ukienda kitubioni, litaje na hilo bega, siyo ngumi peke yake.