SOMO LETU: KUWALINDA WAZEE NA MAFUA

Tukitaja mafua wengi hucheka. Mafua, kwao, ni kupiga chafya siku tatu, kunywa chai ya tangawizi na kurudi shambani. Kwa kijana mwenye nguvu ni kweli. Lakini kwa mzee wa miaka 75, mafua yale yale aliyoletewa na mjukuu yaweza kumfikisha kaburini, na wenye nyumba wasijue yalipitia wapi. Watasema amekufa kwa uzee. Katika somo hili twataka kuangalia jinsi jambo hili linavyotokea, na lipi latupasa kufanya.

Kwanza tufahamu kwamba mafua si ugonjwa mmoja. Virusi vinavyoshika njia ya hewa ni vingi, na vitatu huwaonea wazee kupita vingine: influenza, korona iliyoleta UVIKO-19, na vile viitwavyo RSV. Hivi vya mwisho viligunduliwa tangu mwaka 1956, na karibu kila mtoto hupatwa navyo kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwa muda mrefu vilidhaniwa kuwa ni shida ya watoto wachanga tu. Leo twajua kwamba huwalaza hospitalini wazee wengi pia, hasa wenye ugonjwa wa moyo, kisukari au pumu.

Sababu ni kwamba kinga ya mwili nayo huzeeka. Askari wake huchelewa kuamka, na wakiamka hupigana kwa unyonge. Tena kifua cha mzee hakina nguvu ya kukohoa na kutoa makohozi, na kama ni mama aliyepika kwa kuni miaka 50 katika jiko lisilo na dirisha, mapafu yake yamekwisha kuumia zamani. Virusi vikilainisha njia, bakteria hufuata nyuma, na hapo ndipo nimonia inapoingia.

Hapa tunaomba msome polepole, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Mtoto akiwa na nimonia huwaka moto na kila mtu huona. Mzee aweza kuwa nayo kali bila mwili kuwa na joto. Dalili zake huja kwa mlango mwingine: anakataa chakula, anasinzia mchana kutwa, anaanguka akienda chooni, au anaanza kusema maneno yasiyoeleweka na kuwaita watu waliokufa. Watu husema akili imemtoka. Yafaa tumhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika moja nzima kwa saa. Zikifika 30 au zaidi, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, au akichanganyikiwa ghafula, tusingoje kukuche. Apelekwe hospitali usiku ule ule. Wala tusimpe vidonge vya antibiotiki vilivyosalia kabatini, kwa maana haviui virusi, na kama ni nimonia ya bakteria kipimo na aina ya dawa ni kazi ya daktari. Kujifukiza hakuui virusi pia, na sufuria ya maji ya moto mbele ya mzee mwenye mikono inayotetemeka ni ajali inayosubiri.

Je, virusi hufikaje chumbani kwa bibi ambaye haendi popote? Wataalamu wa Kilifi, nchini Kenya, walifuatilia nyumba 47 katika miaka ya 2009 na 2010, wakipima pua za watu wote mara mbili kwa juma, wagonjwa na wazima. Walikuwa wakitafuta nani huwaambukiza watoto wachanga RSV. Mara nyingi walikuwa ni ndugu zao wakubwa wanaokwenda shule. Tena si wachache walioshikwa na virusi hivyo bila kuonekana kuumwa. Basi anayemfikishia mchanga ndiye aliye karibu kumfikishia bibi, hasa wakilala chumba kimoja.

Wajapani walilijua hili kwa njia nyingine. Tangu mwaka 1962 waliwachanja watoto wa shule influenza kwa wingi. Sheria ililegezwa mwaka 1987, ikafutwa mwaka 1994, na vifo vya wakati wa baridi, vya wazee hasa, vikapanda. Wachunguzi walioandika mwaka 2001 walikadiria kwamba kuwachanja watoto kulizuia vifo kati ya 37,000 na 49,000 kila mwaka.

Wazee wenyewe nao wanazo chanjo. Ya influenza hurudiwa kila mwaka kwa kuwa virusi vyake hubadilika sura. Nchi nyingine huwapa wenye miaka 65 na zaidi dozi yenye nguvu mara nne. Ya RSV iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tusidanganyane, zahanati nyingi za huku kwetu hazina chanjo hizi. Hata hivyo yafaa kuuliza katika hospitali kubwa, na wenye watoto mjini wawatume waulize.

Hata bila chanjo tunayo mengi ya kufanya. Dirisha la mzee lifunguliwe, moto wa kuni uhamie nje, na mjukuu mwenye makamasi alale kwingine juma lile. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Shikamoo ni shikamoo hata bila kushikana mikono, na wazee wenyewe wakielezwa hawakasiriki. Kanisani mwenye kikohozi apokee mkate peke yake, kama Waanglikana wa mahali pengi walivyofanya mwaka 2020.

Wako wanaodhani njia salama ni kumfungia mzee peke yake. Hilo hatuliungi mkono. Katika nyumba za wazee za Uingereza, mwaka 2020, wengi walikaa miezi bila kuonana na watoto wao, na wengine walikufa hivyo. Upweke nao hudhoofisha. Mzee asiye na wa kuzungumza naye huacha hata kula. Kwa hiyo wenye zamu ya kuwazuru wazee waendelee kwenda, ila anayejisikia mafua abadilishane zamu na mwenzake. Wanaokwenda wamtolee mzee kiti barazani, penye upepo, wazungumze huko. Mvua ikinyesha, wakae ndani karibu na dirisha lililo wazi, wakivaa barakoa.