Dondoo muhimu: Siku moja ya wawili, ziwani badala ya hifadhini

Wenzi wanaoishi Tarime au Mugumu wakipata siku moja ya mapumziko, wazo la kwanza huwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa wa Mugumu hoja ya ukaribu ina uzito. Lakini hifadhi hiyo ina kilometa za mraba 14,763, na mgeni wa siku moja saa zake nyingi huishia ndani ya gari, kila mmoja na dirisha lake. Musoma, mji uliojichomeka ndani ya Ziwa Victoria, hutembelewa kwa miguu, na mazungumzo hupata nafasi. Barabara nazo zinasaidia: ya Tarime huvuka Mto Mara pale Kirumi, ya Mugumu hupitia Nata na Butiama, kisha zote hukutana Makutano.

Atokaye Mugumu aanzie Butiama asubuhi, kwenye makumbusho ya Mwalimu Nyerere na kaburi lake Mwitongo. Wapo wanaoiita hiyo ziara ya wanafunzi. Wajaribu kwenda wawili tu, bila foleni ya kusukumana, waone. Mkifika Musoma, mchana uwe wa sato, na mumchague wenyewe kabla hajaingia kwenye mafuta: macho yang'ae, matamvua yawe mekundu. Maji yatazameni kutoka ufukweni au mkiwa botini na jaketi la kuokoa maisha, maana ziwa lina kichocho na mamba. Fungeni safari ya kurudi kabla giza halijaingia.