Si Kila Jeraha Limekatwa

Mwanafunzi wa Kiingereza akikutana na kitenzi *lacerate*, mara nyingi huandika pembeni “kukata”, kisha akaendelea na somo. Hapo kiini cha neno kimeshapotea.

Kitenzi hiki kina maana gani hasa?

Ni kurarua ngozi au nyama ya mwili na kuacha jeraha lenye kingo zisizo sawa. Kimetokana na *lacerare* ya Kilatini, yaani kurarua vipandevipande, na kimo katika Kiingereza tangu karne ya 15. Seng'enge hurarua hivyo, kucha za chui pia, na matumbawe yanapomchana mvuvi mguu. Wembe hukata tu. Ngozi hufunguka kwa mstari ulionyooka.

Tofauti hiyo ina uzito wowote?

Uzito mkubwa, hasa mahakamani. Kwa daktari anayechunguza majeraha ya jinai, nomino yake, *laceration*, ni jeraha la kitu butu: rungu, tofali, nondo. Kitu hicho huibana ngozi juu ya mfupa mpaka ikapasuka, ndiyo maana jeraha la namna hii huonekana sana kichwani, kwenye nyusi na kwenye muundi wa mguu. Kingo zake huwa na michubuko, na ndani yake nyuzi za tishu hubaki zimeunganisha upande mmoja na mwingine. Kisu hakibakizi nyuzi hizo. Fomu ya P3 ya polisi wa Kenya humtaka daktari ataje aina ya silaha inayoelekea kutumika. Akiliita jeraha la kisu *laceration*, amemwelekeza hakimu kwenye rungu. Katika vyumba vya dharura wengi huliita hivyo jeraha lolote la kushonwa, na mazoea hayo hayafai kabisa kuhamia kwenye fomu ya polisi.

Lazima ngozi ichanike?

Hapana. Dereva aliyegongwa tumbo na usukani anaweza kupasuka ini au bandama, ngozi ikabaki nzima. Hiyo nayo ni *laceration*. Wakunga hulitumia kwa mama aliyechanika msamba akijifungua, na hupima mchaniko huo kwa daraja la 1 hadi la 4.

Je, karatasi au shati?

Kwa vitu hivyo kuna *tear* na *rip*.

Na moyo?

Ndiyo, tangu zamani. Maandishi ya Kilatini aliyojitungia Jonathan Swift, aliyefariki mwaka 1745, yamo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, Dublin. Yanatumia *lacerare* kwa ghadhabu iliyokuwa ikimrarua moyo. Constance Garnett naye, katika tafsiri yake ya *The Brothers Karamazov* ya Dostoevsky iliyotoka mwaka 1912, alikiita kitabu cha nne *Lacerations*: humo watu hujitonesha nafsi kwa makusudi. Lawama za kawaida hazifikii neno hili. Linafaa kwa maneno yanayoumiza kweli.

Kuna neno linalochanganywa nalo?

*Macerate*, yaani kulowesha kitu mpaka kilainike. Wauguzi hulitumia kwa ngozi iliyokaa muda mrefu chini ya bandeji yenye majimaji.