Usiwashe Taa Zote, Mdogo Wangu

Sogea hapa karibu, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma, na si lako peke yako. Linanijia kila mara kwa maneno tofauti na kilio kilekile: dada, nikipiga kinanda chumbani kwangu sauti inanipendeza hadi nasisimka, nikifika mazoezini wenzangu wananikunjia uso, nifanyeje? Wengine mnaongeza kwamba mwalimu wa kwaya kawapunguza kwenye miksa mbele za watu. Pole. Inauma. Lakini usijione mjinga, maana sijui mpigaji ambaye hakupita hapo, na vidole vyako havina kosa. Kinachowachosha watu ni mwanga.

Ndiyo, mwanga. Sauti ya sintesaiza ina giza lake na mwanga wake, na hilo si suala la noti kuwa juu au chini. Hebu jaribu sasa hivi, hata kama kuna wageni sebuleni. Shika noti moja usiyojikamua kuiimba, uimbe u. Usihame noti. Pitisha taratibu: u, o, a, e, i. Umesikia? Noti imekaa palepale, lakini sauti imetoka kisimani ikafika kwenye ncha ya sindano. Kile kidude cha kuzungusha cha filta ndicho mdomo wa kinanda chako. Ukikifunga kinasema u, ukikifungua kinaelekea i. Na wewe, mdogo wangu, umekuwa ukisema i kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

Ngoja nikueleze kinachotokea ndani, usije ukazungusha vidude kwa kubahatisha. Noti unayoisikia ni mama, lakini hatembei peke yake. Ukipiga noti ya mitetemo 110 kwa sekunde, juu yake wapo watoto: 220, 330, 440 na kuendelea. Wapigaji huwaita harmoniki. Watoto wakiwa wengi na wana nguvu, sauti inang'aa. Wakilala, mama akabaki na wawili watatu, sauti inakuwa ya giza. Wimbi la msumeno lina watoto wote, ndiyo maana linakwaruza. Wimbi la pembetatu lina watoto wachache na wanafifia upesi, ndiyo maana linapuliza kama filimbi. Filta nayo ni kifumbu cha kukamulia tui: tui linapita, machicha yanabaki.

Kila chombo kwa wimbile, wazee walisema. Chukua Minimoog ya Marekani, iliyotoka 1970. Inapiga noti moja tu kwa wakati, ina mawimbi matatu ya kuchanganya, na filta yake mafundi huiita ya ngazi, kwa kuwa ukitazama mchoro wake transista zimepangwa jozi juu ya jozi kama vidato. Filta hiyo haina huruma na watoto wa juu. Kila wanapopanda oktavo moja kupita pale ulipofungia, kimo cha wimbi lao kinashuka hadi kama sehemu moja ya kumi na sita. Ndiyo maana besi ya Moog ni nene na nyeusi kama masizi ya sufuria. Mpiga kinanda Bernie Worrell aliitumia kwenye besi ya “Flash Light” ya bendi ya Parliament, na hadi leo wimbo ule ukipigwa utadhani sakafu inatembea yenyewe. Filta ya Oberheim SEM ya 1974 ni ya upole zaidi, inapunguza hadi kama robo tu, kwa hiyo hata ukiifunga kuna hewa inabaki. Hakuna aliye bora hapo. Kila mmoja na tabia yake.

Halafu ikaja Yamaha DX7 mwaka 1983, ikageuza mambo. Mbegu yake ilipandwa 1967 katika Chuo Kikuu cha Stanford. Mwanamuziki John Chowning alikuwa akichezea mtikisiko wa sauti, ule wa mwimbaji anapoitetemesha noti. Akauongezea kasi, akauongezea, hadi sikio likaacha kusikia mtikisiko likaanza kusikia rangi mpya kabisa. Ndani ya DX7 hamna filta. Kuna mawimbi sita laini kwa kila noti, ya akina mama wasio na watoto, na moja likimtikisa mwenzake watoto wanazaliwa. Moog inaanza na nyumba iliyojaa kisha inawalaza. DX7 inaanza na nyumba tupu kisha inazaa. Kwa hiyo uzuri wake uko kwenye kengele, kioo na chuma, na ile harmonika kwenye “What's Love Got to Do with It” ya Tina Turner, 1984, ilitoka humo. Piano ya kioo unayoikuta kwenye vinanda vya harusini na kanisani ni mjukuu wake.

Piano hiyo mimi niliipenda kupita kiasi, ndiyo maana naweza kukugombeza. Harusi moja niliipiga usiku kucha nikiwa nimeifungua mwisho, kwa kuwa niliogopa gitaa litanimeza. Watu wakacheza, wakanisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami nikaongeza trebo. Kuelekea saa tano bibi mmoja aliyekaa jirani na spika akasogeza kiti. Baadaye akakisogeza tena. Mwisho akatoka akaenda kukaa uani, masikio kayaziba kwa khanga. Nilipokuwa nakunja waya akaja akanishika bega, akaniambia, “Mwanangu, unajua kupiga. Ila mwali kaimbiwa maneno mazuri leo, na mimi sikusikia hata moja.”

Sikulala vizuri usiku ule. Bibi alikuwa amesema kweli kuliko alivyojua. Sikio la binadamu ni kali kuliko kwingine kote kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, na humohumo ndimo zinamokaa t, k na sh za mwimbaji. Ukijaza eneo hilo kwa kioo chako, unayafunika maneno. Mwimbaji naye asipojisikia anapaza sauti, gitaa linaongeza, wewe unafungua filta zaidi, na sasa mnagombana kwa vyombo mbele ya wageni. Nyumba ikiwashwa taa zote huoni taa yoyote, unaona uchovu tu.

Najua kwa nini unafanya hivyo. Unaogopa kutosikika. Ni woga wa kawaida, hasa ukiwa mdogo kwenye kundi, au ukiwa msichana peke yako kati ya wanaume watano wanaodhani umekuja kushika daftari la nyimbo. Sikulaumu hata kidogo. Lakini mdogo wangu, woga usiwe ndio unaozungusha kile kidude. Usikikabidhi pia kwa masikio yaliyochoka: baada ya saa moja ya kelele hukizoea kioo, unaona kimefifia, unaongeza. Toka nje, kunywa maji, kaa kimya dakika kumi, kisha urudi usikilize tena. Utashtuka.

Kingine, usiziamini sana sauti zinazokuja na kinanda. Zimetengenezwa zikuvutie dukani, ukiwa umebonyeza kordi moja tu na muuzaji kasimama pembeni. Ndiyo maana nyingi ni pana, zinameta na zina mwangwi kibao. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sauti itakayokufaa katikati ya wenzako, ukiisikiliza peke yake huenda ukaiona ya kawaida tu, hata butu. Usiikatae kwa hilo.

Basi, nakujua: ukishanisikia utakimbilia upande wa pili. Utafunga kila kitu, sauti iwe blanketi limelowa, kisha useme dada ndiye aliyesema. Sikusema hivyo! Giza nalo lina hasara zake. Besi ya mitetemo 55 kwa sekunde spika ya simu haiwezi kuitoa, na wengi watakusikia kwenye simu. Ukiwa umewalaza watoto wote, kwenye simu hiyo besi yako haipo, ni kama hukuja kazini. Waache watoto wachache macho. Sikio likiwasikia watoto wa juu wa noti hiyo, linamjua mama yao hata kama hayupo, na msikilizaji ataapa kwamba kasikia besi. Angalia pia kile kidude kingine cha filta kinacholiza sauti kama paka. Kwenye filta ya ngazi, ukikipandisha besi inakonda, na vijana wengi wanahangaika kutafuta unene walioupoteza wenyewe.

Sasa usikilize hili kuliko yote niliyosema, maana ndilo lililonitoa mimi. Nenda ukamkalie karibu mpiga udi, uangalie ukucha wake ukigusa uzi. Mwanzo kuna mng'ao, mkali, mfupi kama kupepesa jicho. Kisha watoto wa juu wanakufa upesi, mama anabaki akivuma peke yake chini kwa chini. Sikio limekwisha kujua udi umeingia, halihitaji kukumbushwa tena. Kinanda chako kinaweza kufanya hivyo hivyo. Karibu kila sintesaiza ina mpangilio wa kuifungua filta noti inapoanza kisha kuifunga yenyewe taratibu. Weka ufunguzi mfupi, kushuka kuwe kama nusu sekunde, na pale inapotulia pawe na giza kuliko unavyodhani panatosha. Kama kinanda kinahisi nguvu ya kidole, kiunganishe na filta pia, ili ukigusa taratibu kiseme u na ukikaza kidole ndipo kiseme a. I ibakize kwa ajili ya kiitikio cha mwisho.

Wala usikope hela kununua Moog. Kaka mmoja alinieleza kwa furaha kwamba akiipata, matatizo yake yamekwisha. Huyo akiipata ataifungua mwisho, na watu wataumwa kichwa kwa gharama kubwa zaidi. Kinanda ulicho nacho kina filta. Itafute hata kama imefichwa ndani ya menyu tatu, na ukiipata andika kwenye karatasi ilipo.

Mazoezi yajayo fika mapema. Anza ukiwa umefunga, kabisa, hadi sauti iwe kama inatoka chumba cha pili. Waache waimbe ubeti mzima. Kisha fungua kidogo kidogo huku ukimwangalia yule dada wa sauti ya pili, si mikono yako. Ukifika mahali akajinyoosha shingo au akavuta spika yake karibu, umepita. Rudi nyuma unywele mmoja. Hapo achia kidude, weka mkono wa kushoto kwenye funguo, na mpige wimbo mzima bila kukigusa tena.