"Nitaifuta Baadaye": Je, Picha Inafutika Kweli?

Tuseme mpenzi wako anakwambia: "Nikupige picha moja tu ya siri, nitaifuta baadaye." Utamjibuje? Kabla hujajibu, hebu tuone kamera ya dijitali inavyofanya kazi.

Kamera hii haina filamu. Mwanga unapita kwenye lenzi na kuangukia kipande kidogo kinachoitwa sensa. Sensa ina mamilioni ya vijumba vidogo mno. Kila kijumba kinageuza mwanga kuwa umeme: mwanga mwingi, umeme mwingi. Juu ya vijumba kuna vichujio vyekundu, vya kijani na vya bluu, ili rangi zijulikane. Halafu umeme huo unapimwa na kugeuzwa kuwa namba. Kwa kawaida kila nukta ya picha inapewa namba tatu, moja kwa kila rangi, kuanzia 0 hadi 255. Zote zikiwa 0, nukta ni nyeusi. Zote zikiwa 255, ni nyeupe.

Kamera ya namna hii ilitengenezwa na Steven Sasson wa Kodak, Marekani, mwaka 1975. Picha yake ilikuwa na nukta 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhiwa kwenye kaseti! Leo simu inahifadhi mamilioni ya nukta kufumba na kufumbua.

Kumbe basi, picha ni namba tu. Na namba zinanakiliwa mara elfu bila kufifia hata kidogo.

Je, ukibonyeza "futa"? Fikiria kadi ya kumbukumbu kama kitabu chenye orodha ya yaliyomo. Mara nyingi kamera inafuta jina kwenye orodha tu, kurasa zenyewe zinabaki mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Zipo programu za kuifufua. Na kama ilishatumwa kwa mwingine, nakala yake huwezi kuifuta wewe.

Kwa hiyo hata mpenzi mwaminifu anaweza kuahidi jambo asiloliweza. Mwambie waziwazi: "Nakupenda, lakini picha hiyo sitaki." Anayekupenda ataelewa.

Je, imeshapigwa na sasa unatishiwa? Kosa si lako. Usitume nyingine, usilipe, tunza ujumbe wa vitisho, na mwambie haraka mtu mzima unayemwamini. Na wewe uliyetumiwa picha ya mwenzako? Usiisambaze. Iishie kwako!